Siku ya Tatu ya Mfungo wa Mama Ndaya

Mama Ndaya alikuwa amekwisha kubatizwa mara tatu, na hakuona tofauti. Mara ya kwanza Wakatoliki walimbatiza akiwa mchanga, akalia. Mara ya pili walikuwa Wamethodisti, ili aolewe. Mara ya tatu alizamishwa katika mto Lualaba, upande wa Nzilo, na mchungaji aliyesahau kumwambia azibe pua. Baada ya hapo akawa mshirika mwaminifu wa kanisa moja la uamsho mtaani Manika, Kolwezi. Yaani alikuwa na kiti chake karibu na dirisha, na alijua kusinzia bila kichwa kuanguka.

Pasta Blanchard alipotangaza siku tatu za kufunga, bila chakula wala maji, ili kila mtu afanywe upya, Mama Ndaya hakuwa na mpango wa kwenda. Aliyemvuta ni jirani yake Mamie, ambaye aliuza pamoja naye bukari, yaani ugali, na samaki kwa wachimbaji wa kobalti.

"Ndaya, we unalalaka mu kanisa tangu bwana yako afe," Mamie alimwambia. "Kuya ufunge. Pengine Mungu atakuamusha."

"Anaweza kuniamusha hata kama nimekula."

Lakini alikwenda, kwa sababu Mamie alisema kweli. Mumewe alikuwa na miaka minne kaburini, na katika miaka hiyo Mama Ndaya hakuwa amemwambia Mungu neno hata moja la kwake mwenyewe. Aliitikia amina pamoja na wengine, basi.

Siku ya kwanza aliumwa kichwa. Siku ya pili alimchukia Mamie. Siku ya tatu, adhuhuri, malori ya shaba yakipita na kutikisa mabati, Pasta Blanchard alihubiri saa nzima juu ya mana iliyoshuka jangwani, nyeupe, tamu kama mkate wenye asali. Mama Ndaya akaona sasa anaonewa. Katika fundo la kitenge chake alikuwa na bitumbula viwili, maandazi ya kukaangwa, alivyobeba, alijiambia, kwa ajili ya jioni. Pasta alipowapa watu nafasi ya kuomba kimya, akatoka polepole, akazunguka nyuma, akaingia chumba cha kuwekea ngoma na viti vilivyovunjika.

Pasta Blanchard alikuwa humo tayari. Alikuwa amekaa juu ya ngoma kubwa, tai ameitupa begani, kopo la sardini mkononi na mafuta kidevuni.

Wakatazamana.

"Mama Ndaya," pasta alisema taratibu, "unatafuta nini huku?"

"Nilikuya kuomba, Pasta."

"Na mi pia."

Alikuwa kijana wa miaka thelathini na moja, angeweza kuwa mwanawe. Mama Ndaya alifunga mlango, akavuta kiti chenye miguu mitatu, akamnyooshea kitumbula kimoja. "Shika. Sardini peke yake inaumizaka tumbo."

Walikula. Kisha macho ya pasta yakajaa machozi.

"Mama, mi siombi tena. Mbele ya bantu, ndiyo, naomba mpaka jasho. Nikibakia peke yangu, hakuna kitu. Ni miaka mbili sasa. Nilifikiri nikifungisha bote, na mi nitapata."

"Kumbe tunakufa na njala juu ya shida yako?"

"Njo vile."

Mama Ndaya alitaka kukasirika, ila muda wote huo alikuwa amedhani ni yeye tu. "Mi ni miaka ine," alisema. "Bwana yangu alitoka kazini Kingamyambo muzima, akalala, hakuamuka. Nikaona sina cha kumuambia Mungu, ila hasira tu."

"Basi mwambie hiyo hasira."

"Inawezekana?"

"Sijue, mama. Jaribu."

Mama Ndaya aliomba macho wazi, mikono ikiwa imejaa mafuta. "Mungu, ni mi, Ndaya. Niko huku mu chumba ya ngoma na pasta wako, tumekula. Nakukasirikia sana juu ya bwana yangu. Sijamaliza. Lakini nimechoka kukunyamazia. Na huyu mutoto, umusikilize na yeye."

Hapo akalia kuliko alivyolia siku ya maziko, akajipangusa kwa kitenge. Pasta naye akaomba, maneno manne au matano tu, kwa sauti ndogo ambayo kanisa halikuwahi kuisikia.

Waliporudi ndani, Pasta Blanchard alisimama mbele na kusema alichokula. Tata Mbuyi, mkuu wa mashemasi, akainuka. Akasema hiyo ni aibu, na kila aliyefunga kweli asimame upande wake, wamtoe huyu mtu.

Hakuna aliyesimama. Mwishowe Mamie akainua mkono.

"Mi nilikula bukari," alisema. "Jana na juzi."

Mama Ndaya alimgeukia, akamtazama sana. Mwingine akakiri maziwa, mwingine kuku mzima. Chakula kilipokwisha wakaingia kwenye mambo mengine, ndugu wasiosalimiana, mke aliyepigwa, na waliendelea mpaka jua kuzama. Wiki iliyofuata Tata Mbuyi aliondoka na familia kumi na moja pamoja na spika zote, akafungua kanisa lake barabara ya pili kutoka hapo.

Waliobaki huimba bila spika. Mama Ndaya hakubatizwa mara ya nne. Ila kila Alhamisi, akimaliza kuuza, huwatembelea wajane wa Manika na sufuria ya maharage. Haambii mtu kwamba Mungu ana mpango wake. Huketi, hupakua.

Alhamisi moja mjane kijana, Princesse, alisukuma sahani kando akamuuliza, "Mama, naweza kumutukana Mungu?"

"Mutukane," Mama Ndaya alisema. "Lakini umuite kwanza, ajue unasema naye."