Maharage kwenye Moto wa Wanaume

Hapana, njaa haikuwepo. Nani kakwambia ilikuwa njaa? Mwaka ule wa sabini na nane Didia ilikuwa na mtama mpaka vihenge vinakataa kufungwa, karanga zipo, kunde zipo, maziwa hata paka walikuwa wanayachagua. Nyamizi alikonda katikati ya chakula, na hilo ndilo lililomkosesha raha mzee Jilala. Mtu akikonda kwa njaa unajua cha kufanya, unamtafutia debe la mtama basi. Huyu sasa utamtafutia nini?

Nyamizi alikuwa mkamwana wake, mke wa mwanawe Bartholomeo. Bartholomeo alikuwa kibarua kule mgodi wa almasi, upande wa Songwa, nyumbani anaonekana mwisho wa mwezi na mkate wake chini ya kwapa. Mama mkwe alishatangulia mbele ya haki miaka mitatu nyuma. Kwa hiyo mji ule ulikuwa na mzee, mkamwana, ng'ombe kumi na wanne na mbwa mmoja mwenye mbavu za kuhesabika. Huyo mbwa mtamsikia tena, msimdharau.

Sasa mwaka ule ndio serikali ilikuwa inataka kila mtoto aingie darasani. Watoto wakaja wengi kama kumbikumbi, walimu hawatoshi. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wanafundishwa ualimu hukohuko kijijini. Nyamizi akachaguliwa. Asubuhi anafundisha darasa la kwanza, mchana yeye ndiye mwanafunzi, na redio mezani inasema, na mkufunzi anapita na baiskeli. Jilala mwenyewe hakusoma, jina lake alikuwa analitia kwa dole gumba, lakini alipita nyumba kwa nyumba akisema mkamwana wake anakuwa mwalimu. Alisema mpaka watu wakaanza kumkwepa njiani.

Ila shule haikumwondolea Nyamizi kazi hata moja. Maji ni yeye, kuni ni yeye, kusaga karanga ni yeye. Na kubwa kuliko yote, shikome. Ninyi wa mjini hamuijui shikome. Ni ule moto wa wanaume kando ya zizi, jioni wanaume wa nyumba nne tano wanakaa pale, kila nyumba inaleta bakuli lake, wanakula pamoja vya nyumba zote. Wanawake na watoto wanakula jikoni kwao. Bakuli la nyumba yako likichelewa, kesho kijiji kizima kimeshajua. Nyamizi anatoka darasani jua limeshalala upande, anakimbia, anasonga, anapika, anaweka maziwa mgando mazito na mboga ya karanga kwenye bakuli la wanaume, anapeleka, anapiga goti, anaamkia, anaondoka. Akirudi jikoni anakwangua ukoko, anatia chumvi, anateremshia chai ya rangi, kitabu kipo gotini. Mchana wote tumboni kulikuwa na michembe mitatu, vile viazi vilivyokatwa vikakaushwa, aliyoitafuna njiani.

Mwezi wa nane akaanguka kisimani. Wanawake wakamwagia maji, akaamka. Bartholomeo alipokuja akaambiwa, na alikuwa anampenda mkewe, msimwone mbaya. Akasema, "Akianguka tena, ualimu basi. Cheti hakizikwi na mtu." Akarudi Songwa. Mtihani ulikuwa umebaki kama mwezi na kitu.

Jilala aliyasikia maneno yale na hayakutoka kichwani. Angefanya nini? Kwa desturi yao baba mkwe hazungumzi na mkamwana habari za tumbo lake, umekula nini, umekula kiasi gani. Aibu kubwa. Hata jikoni hakanyagi. Kwa hiyo akafikiri kwa siku mbili, akapata akili yake mwenyewe, na akajiona mjanja sana.

Jioni ile akala matonge matano, akalisukuma bakuli. Akawaambia wenzake kuwa la nyumbani kwake leo lisiguswe zaidi. Otmar, mzee mmoja Msumbwa aliyehamia kutoka Ushirombo, rafiki yake na mtu wa maneno, alikuwa ndiyo kwanza ananyoosha mkono. Akamwuliza kama mganga ndiye kamkataza kula au kawa bahili uzeeni. Jilala akanawa mikono. Bakuli likarudi jikoni nusu yake. Kesho yake vilevile. Hesabu yake ilikuwa hivi: chakula kikirudi, mtoto atakula.

Ehe, cheka. Sisi wote tungecheka. Maana Usukumani bakuli likirudi kutoka shikome halijamalizwa, mpishi ameambiwa kitu, tena ameambiwa mbele ya watu. Mwanamke yeyote pale Didia angekwambia. Lakini Jilala miaka sitini alikuwa amekaa upande bakuli linakokwenda, hata siku moja hakukaa upande linakorudi.

Nyamizi akalia, halafu akafunga kanga kiunoni. Akaanza kuamka mapema zaidi. Karanga anazisaga mara mbili. Samli akaongeza. Mlenda akaufuata mbali mtoni, ule mlaini. Na kile chakula kilichorudi hakukila hata kidogo, maana utakulaje kitu baba mkwe amekikataa? Akawa anammwagia mbwa. Siku ya sita Jilala anatoka zizini, anamwona mbwa wake amelala kivulini, ngozi inang'aa, mbavu hazionekani. Nyamizi anapita na ndoo, shingo kama bua. Mzee akasimama pale muda mrefu anamtazama mbwa, na bado hakuelewa.

Aliyemfumbua macho ni Mwanaima, mwenye duka pale senta. Mwanaima alikuwa mama wa Kiislamu, kwao baba ni wa Tabora na mama wa Tanga huko, anauza chumvi, mafuta ya taa na dagaa wa Mwanza, na mdomo haukuwa na mlango. Jilala alikwenda kununua ugoro. Mwanaima akamshikilia ule ugoro mkononi.

"Shikamoo mzee wangu. Unaumwa nini?"

"Marahaba. Siumwi."

"Basi mkamwana wako kakukosea nini? Maana kaja hapa juzi kuniuliza wazee waliopoteza hamu wanapikiwa nini. Machozi yanamdondokea kwenye dagaa wangu. Anasema baba anamrudishia chakula wiki nzima."

Mzee akasema alikuwa anamrudishia ili ale.

Mwanaima alimtazama, akaweka ugoro chini, akakaa juu ya gunia la chumvi. Alicheka mpaka akajifuta macho na ncha ya ushungi. Halafu akaacha kucheka.

"Mzee Jilala, yule mtoto unamuua kwa mapenzi. Kamwambie."

Mzee akasema hawezi kumwambia, Mwanaima anaijua desturi. Mwanaima akasema desturi anaijua, na jeneza pia analijua, achague.

Usingizi haukuja vizuri siku ile. Asubuhi Jilala alikuwa anakamua, kichwa amekiegemeza ubavuni mwa ng'ombe, Nyamizi akaja na kibuyu cha maziwa, akasimama nyuma yake kama kawaida, macho chini. Mzee hakugeuka. Akasema na ng'ombe.

"Wewe ng'ombe. Kuna mtu hapa anadhani mzee amekataa chakula chake."

Nyamizi akashusha kibuyu chini.

"Mwambie hakukataa. Alirudisha ili mtu ale, asile ukoko. Mzee ni mjinga, hakujua namna ya kusema."

Ng'ombe akageuza shingo kuwatazama. Ndipo Nyamizi naye akasema, sauti ndogo.

"Ng'ombe, mwambie baba nilidhani nimemkosea."

"Mwambie hajakosea hata kidogo. Ila ale. Hayo maziwa anywe hapahapa, kabla hayajaingia kwenye bakuli la mtu."

"Mwambie baba nakubali. Lakini muda sina. Nikitoka darasani jua limeshuka, na shikome haingoji. Nikijipikia na mimi, vitabu nitavisoma saa ngapi?" Kisha akaongeza, "Na mwambie baba asimweleze Bartholomeo akija kwamba juzi niliegemea ubao mbele ya watoto. Nilikuwa naona giza."

"Mwambie halitasemwa," Jilala akamwambia ng'ombe. Lile la kuegemea ubao hakuwa analijua. Nyamizi akanywa maziwa, alimsikia anavyoyameza, akaenda zake shule. Na lile swali la muda likabaki pale zizini na mzee.

Akakaa shikome peke yake. Ule moto, mnajua, mchana hauzimwi. Wanaulaza kwa kinyesi cha ng'ombe ufuke moshi, ufukuze mainzi kwa ndama. Kutwa nzima unaungua bure. Jilala akautazama, akautazama. Mwisho akainuka, akaenda mpaka mlango wa jiko, hakuingia, akavuta chungu kwa ile fimbo yake ya kuchungia, na maharage akayachota kwenye gunia barazani.

Otmar alipomkuta anachochea chungu alisimama na mikono nyuma, akamsalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, bibi harusi. Umeolewa na nani?"

Jilala akamwambia hafanyi lolote, analinda moto. Otmar akafunua, akaonja, akatema. Akamwuliza chumvi ametia saa ngapi. Mzee akasema mwanzo. Otmar akamwambia ndiyo maana yamekuwa kokoto, chumvi inatiwa mwisho, na kabla ya hapo yanalowekwa usiku kucha, mama yake alikuwa anafanya hivyo. Wote wawili wakainamia chungu, kwa sababu sasa na Otmar ameshajulikana kuwa alikaa jikoni kwa mama yake.

Siku ile maharage walikula kokoto. Kesho yake yakaiva. Siku ya tatu Otmar akaja na choroko zake mwenyewe, na kikaango cha karanga, anasema na yeye analinda moto. Wale wengine walicheka siku mbili tatu, halafu wakaanza kuuliza leo chungu kina nini. Wake zao ndio walicheka zaidi, lakini hakuna aliyekataa.

Basi ikawa hivyo. Asubuhi Nyamizi anakunywa maziwa ya moto zizini, anaondoka na karanga na papai. Jioni akirudi mboga ya shikome imeshaiva shikome, yeye anasonga ugali tu, na nsansa, yale majani makavu ya kunde, aliyaloweka asubuhi, anayaunga na karanga mara moja. Bakuli lake la maharage anaachiwa jikoni kabla wanaume hawajagusa, zito, na jua bado lipo la kusomea. Wiki ya kwanza hakuna kitu kilichoonekana. Ya pili mashavu yakaanza kurudi. Ya tatu Jilala akamsikia anaimba kisimani, wimbo wa darasani wa kuhesabu, akasimama palepale na mzigo wa kuni begani mpaka umalizike.

Siku ya mtihani mkaguzi alitoka Shinyanga mjini na gari. Na siku hiyohiyo, hakuna aliyepanga, Bartholomeo akashuka kwenye basi la saa nane. Kabla hajaweka mkate chini akauliza kama ameanguka tena. Jilala akamjibu angoje amwone kwa macho yake. Hakumwambia ya ubao. Alikuwa ameahidi, ingawa aliahidi kupitia ng'ombe.

Wakangoja. Ugali siku ile alisonga Mwanaima, aliyefunga duka akaja na dagaa. Otmar akawaita wale wengine. Mkeka ukatandikwa uani, kati ya jiko na shikome, si huku wala si kule. Jua likaanza kuwa jekundu. Bartholomeo akanyoosha mkono kuonja, Jilala akamgonga na kijiti. Hakuna mtu kula. Otmar akalalamika kuwa tumbo lake halisomi ualimu, kwa nini liadhibiwe. Hakuna mtu kula.

Cheti kilikuja baadaye sana, na jina lake lote. Siku ile hakuna aliyejua hilo. Walichokiona ni mwanamke anakuja na njia ya shule, hatembei kama mgonjwa, mikono imejaa chaki mpaka kwenye kiwiko. Bartholomeo akaenda kumpokea, akamshika mabega, akamtazama usoni, akamtazama shingo.

"Nimesimama kuanzia saa mbili," Nyamizi akasema. "Nimefundisha mbele ya mkaguzi, halafu nimeandika mpaka jioni. Sikushika ukuta wala ubao."

Bartholomeo akamgeukia baba yake. Akasema basi, amalize ualimu wake, na yeye hana neno tena.

Nyamizi akapiga goti kuwaamkia wazee, akainuka kuelekea jikoni, maana ndiko mahali pake pa kulia chakula. Jilala akakohoa. Wote wakamgeukia.

"Mayu," akasema, yaani mama, macho ameyaelekeza pembeni kwa heshima, lakini neno lenyewe amelielekeza kwake. "Kaa hapa. Maharage yanapoa."

Nyamizi akasimama kidogo. Mwanaima akasogea, akapiga mkeka kwa kiganja. Nyamizi akakaa, miguu ameikunja upande, mumewe kushoto. Maji ya kunawa yakazunguka, yakaanzia kwake, kwa sababu ana chaki. Halafu wote wakakaa, wakakata tonge.