Kipenga cha Chirau

Wako makocha ambao refa akipuliza tu, wao washaingia uwanjani, shati limechomoka, mate yanaruka, wanamtaja mpaka aliyemzaa. Mwalimu Kavenya hakuwa wa aina hiyo. Yeye timu yake ya wasichana wa Kikoneni aliiongoza mkono kidevuni, akitazama. Refa ukimpigia kelele, alikuwa akisema, atakusikiliza wewe na mchezo hatauona. Maneno mazuri hayo, sikatai. Lakini Jumamosi ile, pale Msambweni, yalikuwa yanataka kumponza.

Ilikuwa fainali ya mpira wa kikapu, dhidi ya Ukunda. Mshindi angekwenda Mombasa kwenye mashindano ya Pwani nzima, na huko huja makocha wa vyuo kutafuta wachezaji wa kuwasomesha bure. Mbodze, nyota wa Kikoneni, alikuwa kidato cha nne, na kwao hapakuwa na wa kumpeleka chuo. Mwakani asingekuwa na timu wala mahali pa kuonekana. Kwake yeye ilikuwa leo au basi.

Na leo refa alikuwa amemkalia kooni.

Mbodze aliruka akaudaka mpira uliogonga ubao, msichana wa Ukunda akamparamia mgongoni. Kipenga: faulo ya Mbodze. Baadaye kidogo alisimama wima, mikono juu, hajamgusa mtu, mwingine akaja mbio akajigonga kwake na kuanguka. Kipenga tena, na faulo ya Mbodze tena. Kavenya aliuondoa mkono kidevuni.

"Mwalimu, huyu kanunuliwa," alisema Katana, msaidizi wake, tayari ameshainuka. "Niache nikamwambie ukweli wake."

"Kaa, Katana. Kama kanunuliwa, mbona Nthambi wetu kampa mitupo yake huru sasa hivi? Mbona wengine wote anawapa haki yao?"

Katana alikaa kwa shingo upande. Swali lenyewe lilikuwa gumu, na Kavenya alikuwa mtu wa maswali. Akishikwa na moja hapati usingizi. Refa huyu, Mzee Chirau wa Mwabungo, alijulikana kwa haki tangu Ukunda mpaka Shimoni. Walimu walimgombea awachezeshee mechi zao. Mtu kama huyo anakuwaje mwadilifu kwa wachezaji tisa na dhalimu kwa mmoja?

Akaacha kuutazama mpira, akamtazama Chirau. Akaona jambo. Kila alipompulizia Mbodze, mzee yule hakumtazama Mbodze wala meza ya waamuzi. Aliwatupia jicho watu wa kwao Mwabungo waliokaa upande wa ukutani, kama mpishi anayewachungulia wageni wakionja mchuzi. Na Mbodze naye, mtoto mwenye mdomo ambaye hata Kavenya humjibu, mbele ya refa huyu aliinamisha macho, akainua mkono kukubali kosa ambalo hakulitenda. Kulikoni?

Kabla ya mapumziko ikaja faulo ya tatu, nayo ya bure kama zile mbili. Tano zikitimia unatolewa.

Wasichana walipokuja kunywa maji, Kavenya aliwauliza waziwazi. "Huyu mzee ana nini na Mbodze?"

Wote wakatazama viatu vyao. Mwisho Subira, aliyekuwa wa akiba, akashindwa kuvumilia.

"Kwani mwalimu hujui? Yule ni mjomba wake. Ndugu ya mamake, tumbo moja."

Kavenya alihisi uso ukimchoma. Wazazi wake walitoka Machakos wakapewa shamba huku Shimba Hills, yeye akazaliwa hapa, akala wali wa nazi hapa, akajiona mwenyeji kamili. Na bado kila msichana aliyejiunga na timu alimwuliza babake ni nani, akaishia hapo. Kwa Wadigo kama kina Mbodze ungeanza na mjomba. Mjomba ndiye mwenye mtoto, ndiye asiyesemwa hadharani. Kumbe timu nzima ilijua isipokuwa kocha.

"Mbona hukuniambia?" alimwuliza Mbodze.

"Ungekwenda mezani, wangemtoa mbele za watu. Ningemwaibisha mjomba wangu, mwalimu? Bora nitolewe mimi."

Hapo Katana alitaka aende mezani mbio, kwani sheria ilikuwa upande wao: mwamuzi hachezeshi jamaa yake. Kavenya akamkataza. Akavuka uwanja peke yake mpaka kwenye bomba la maji, alipokuwa Chirau akinawa uso.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Hamjambo?"

"Hatujambo, alhamdulillahi. Mzee, sikuja kulalamika. Nimekuja kuuliza, na kuuliza si ujinga. Mbodze umemwonea kwa nini?"

Chirau alijifuta uso polepole. Hakukana, na hilo lilimshangaza Kavenya kuliko faulo zote.

"Niliitwa asubuhi, mwenzangu kaugua," alisema. "Nikaona nikikataa hamna mechi. Nikaona watu wetu hawa, Mbodze akifunga hata kikapu kimoja, watasema mjomba anambeba. Nikasema nitamkaza, wasipate la kusema."

"Basi bado umependelea, mzee. Umejipendelea wewe. Jina lako limepona, na mtoto ndiye anayelilipia."

Alisema kwa upole, lakini alikuwa na hasira. Chirau alilifunga bomba. Kisha akakivua kipenga shingoni, akaenda mezani, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ukutani: "Namba kumi na moja ni mwanangu, mtoto wa dada yangu. Nilipaswa kusema tangu asubuhi. Twaiba, chukua wewe." Twaiba alikuwa mwamuzi wa akiba aliyefika mechi ishaanza, binti mkali asiyejua cha huyu wala cha yule.

Kipindi cha pili Mbodze alicheza kama aliyefunguliwa kamba. Kikoneni wakawafikia Ukunda, wakawapita, wakawa mbele. Lakini faulo zilizokwisha kuandikwa hazifutwi kwa kubadilisha refa. Alipata ya nne kwa kumvuta mtu jezi, kosa halali. Dakika za mwisho akampiga mkononi mfungaji wa Ukunda, halali pia. Twaiba akapuliza, Mbodze akatoka. Bila yeye timu ikayumba, na Ukunda wakashinda kwa kikapu kimoja.

Mashabiki wa Ukunda waliimba mpaka sauti zikawakauka. Kavenya aliwakusanya wasichana wake, akawagawia maji. Alikuwa akijiuliza kwa nini alingoja mapumziko. Angevuka uwanja faulo ya kwanza, kwa shikamoo ileile na swali lilelile, sasa wangekuwa wanaizungumza Mombasa.

Chirau alikuja. Katana akamgeuzia mgongo. Mbodze, macho mekundu, akasimama.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu."

"Mjomba, zile tatu za mwanzo. Kulikuwa na hata moja ya haki?"

Watu wa Mwabungo walikuwa wamesogea, wanasikia kila neno. Mzee aliwaona. Safari hii hakuwatupia jicho. Alimtazama mpwa wake.

"Hata moja," alisema. "Hata moja haikuwa ya haki."

Mbodze akaitikia kwa kichwa, akakaa chini, akaanza kufungua kamba za viatu.