Pazia Lisilo na Dirisha

Ule ufa ulianza mwembamba kama unywele. Fundi cherehani aliuona asubuhi moja alipokuwa anamgeuza dada yake ubavu wa pili, akadhani ni uzi umenasa ukutani, maana katika chumba kile uzi ulinasa kila mahali, mpaka kwenye kikombe cha chai. Akanyoosha kidole auondoe. Kidole kikapita, uzi haukutoka.

Walikuwa wanaishi wawili tu, yeye na dada yake mkubwa, katika chumba cha chini cha nyumba ya kupanga ya ghorofa mbili. Dada alikuwa amepooza miguu, mwaka wa nne sasa. Kitanda chake kilikaa sambamba na ukuta wa barabarani, kichwa kikiwa dirishani, kwa sababu dirisha ndilo lililokuwa matembezi yake. Kutoka pale aliwajua wapita njia wote kwa viatu vyao, na wote aliwasema. Ufa ulikuwa katika ukuta uleule, upande wa miguuni, umeshuka kutoka darini mpaka sakafuni bila kupumzika.

Fundi alikuwa na tabia ya kupima kila kitu. Akachukua pini ya kushikia kitambaa, akaichomeka ndani ya ufa, ikabana. Baada ya wiki mbili akaikuta chini. Akachomeka mbili kwa pamoja, zikabana. Baadaye nazo akaziokota. Alipofika pini nne hakumwambia mtu. Dada tu ndiye aliyemwona, na dada hakuuliza.

Siku zilezile gari la jiji likapita na vipaza sauti. Jiji linataka watu wakae mahali pazuri, likasema. Mtaa utachimbiwa mfereji mpya, utawekewa taa na njia ya miguu. Na nyumba zote za kupanga zitakaguliwa. Itakayofaa itabandikwa kibandiko cha kijani mlangoni. Isiyofaa itabandikwa chekundu, na wapangaji wake watahamishiwa majengo ya muda nje ya mji mpaka itengenezwe.

Yalikuwa maneno mazuri, hata fundi aliyapenda. Mfereji wa zamani ulikuwa unanuka mpaka wateja wake wakipimwa nguo wanabana pumzi, na vipimo vinatoka vya uongo. Lakini majengo ya muda watu walikuwa wameshayaona. Vyumba vilivyobaki vilikuwa ghorofa ya nne, na ngazi zake nyembamba kama za mnarani.

"Wakinipandisha huko," dada akasema, "nitashuka siku moja tu, na siku hiyo sitajua kama nashuka."

Basi jioni wapangaji wakakutana ngazini, kila mtu amekaa kwenye kidaraja chake. Aliyezungumza zaidi ni mama mmoja wa ghorofa ya juu, ambaye walimwita Taarifa, kwa sababu habari haikuingia mtaani bila kupita kwake kwanza.

"Mgeni akija si tunafagia?" Taarifa akasema. "Na huyu mgeni wa jiji tumfagilie. Rangi kidogo, sabuni kidogo, choo kinukie, aandike, aende zake."

"Ufa haufagiliki," fundi akasema.

"Unavalishwa. Wewe umewavalisha watu wenye matumbo makubwa, wakaenda harusini wembamba. Utashindwa na ukuta?"

Watu wakacheka. Fundi naye akacheka, na ndani ya kicheko kile akawa ameshakubali.

Akashona pazia refu, jembamba, la kitambaa kizito chenye maua makubwa, kwa kuwa jicho likiona ua kubwa halina haja ya kutafuta kitu kingine. Akalitundika kutoka darini mpaka sakafuni. Alipomaliza akarudi nyuma hatua tatu, akaiona kazi yake ni nzuri, na moyo haukufurahi.

Mkaguzi alikuja asubuhi, mwanamke wa makamo mwenye fomu iliyobanwa kwenye ubao. Hakuwa mtu mbaya. Alifungua bomba, akavuta waya za umeme, akagonga milango, akauliza wanaolala chumbani ni wangapi. Kisha akasimama mbele ya pazia.

"Zuri hili," akasema. "Mbona limewekwa hapa?"

Aliyejibu ni dada, kutoka kitandani.

"Ukuta una baridi, mwanangu. Mdogo wangu kauonea huruma, kaushonea nguo. Mimi namwomba gauni tangu mwaka jana."

Mkaguzi akacheka mpaka kalamu ikamponyoka. Akaiokota, akaandika. Alipoondoka, kibandiko cha kijani kilikuwa mlangoni kinang'aa, na Taarifa alikuwa amekwisha kupanda na kushuka mtaa mzima akisimulia ya ule ukuta uliovaa nguo.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Siku ya pili akaja mama muuza mkaa, wa nyumba ya kule chini penye kona. Akaleta kamba yenye fundo, ndiyo kipimo chake. Fundi akainyoosha: mpaka mwisho ni urefu, sawa na wa chumba, na mpaka penye fundo ni upana, haufiki hata mikono miwili.

"Dirisha gani hili, jirani?"

"La kwangu," muuza mkaa akasema.

Wakatazamana. Muuza mkaa akawa wa kwanza kuangalia chini.

"Wewe shona tu, Fundi. Mkaguzi anafika kwetu kesho kutwa. Nina wajukuu watatu, niwapeleke wapi?"

Akashona. Akaja bibi arusi na kipimo kwenye karatasi ya daftari, akaja na mwingine. Mwisho mapazia yakawa sita, ukiacha la kwake, yote marefu, yote membamba, na hakuna aliyetaja tena neno dirisha. Fundi aliyapinda pindo kichwa chini, kama mtu anayewashonea sanda watu walio hai. Na kila pazia lilipotoka, siku mbili baadaye ilisikika kwamba nyumba fulani nayo imepata kijani.

Mwezi ukaisha, mtambo wa kuchimba ukaletwa. Si mmoja, miwili: mmoja ukaanzia juu ya mtaa, wa pili chini penye kona, ikutane katikati. Msimamizi wa kazi alikuwa bwana mfupi mwenye kofia ngumu ya njano, mchangamfu, anamwamkia kila mtu. Akasimama karibu na dirisha la dada kuwaeleza wapangaji.

"Penye nyekundu tunachimba kwa majembe, mbali na msingi, taratibu," akasema. "Penye kijani mtambo unapita karibu kabisa, maana nyumba imeshapimwa, ni nzima. Kazi inakwenda mbio. Nanyi mmetuheshimisha, mtaa mzima hakuna nyekundu hata moja."

Watu wakampigia makofi. Fundi alikuwa ndani ameshika mkasi, akauweka chini.

Kuanzia siku hiyo kila asubuhi ule mngurumo ulisogea. Ulianza kama ngoma ya mbali, ukaja kama mtu anayeburuta makabati, halafu ukaingia miguuni, sakafu ikawa inawasha nyayo. Fundi hakutumia pini tena. Alifunua pazia, akachomeka ncha ya mkasi, ikaingia. Siku mbili baadaye akaingiza kidole kidogo.

Mchana mmoja, mitambo ikiwa imezimwa watu wamekwenda kula, dada akamwita.

"Sikia. Ukuta unatafuna."

Fundi akaweka sikio. Ndani ya ukuta mchanga ulikuwa unashuka, kidogo, unanyamaza, kidogo tena.

"Unatafuna nini?" akauliza, akijaribu kucheka.

"Sijui. Ila bado haujashiba."

Akapanda juu kwa Taarifa. Akamkuta anakunja nguo, sakafu yake ikiwa safi na imetulia, redio ikiimba.

"Tuwaambie," fundi akasema. "Kesho mtambo unafika hapa."

"Tuwaambie nini? Kwamba tulidanganya? Tulikubaliana wote, Fundi, na mshonaji ni wewe."

"Najua nilichokishona. Ndiyo maana silali."

"Mtambo unapita mara moja tu. Baada ya kesho tunakaa mbele ya taa zetu mpya tunapunga upepo. Nyumba hii ilikuwapo kabla sijazaliwa, na mimi, kama unavyoniona, si wa jana."

"Wewe uko huku juu. Huusikii ukuta."

"Basi usinishushe," Taarifa akasema, akaendelea kukunja nguo. Lakini fundi aliona ameikunja kanga ileile mara mbili.

Asubuhi mtambo ukafika. Vikombe vikaanza kulia kabatini. Vumbi jeupe likamwangukia dada kwenye shuka, jepesi, kama mtu anapepeta unga juu yake. Fundi akalipangusa, likaanguka jingine. Pazia likawa linacheza, na dirisha limefungwa.

Dada akamshika mkono.

"Mdogo wangu. Yule mkaguzi nilimdanganya kwa sababu yako na yangu, tusitenganishwe na hapa. Uongo wangu nimeshausema. Ukweli siwezi kuupeleka, miguu sina."

Fundi akatoka hivyohivyo, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Akapita kati ya wafanyakazi, akashuka ndani ya mtaro, akasimama mbele ya koleo la chuma la mtambo. Dereva akapiga honi. Msimamizi akaja mbio.

"Mama, toka hapo. Huyu dereva akiwa juu huko hawaoni watu wafupi. Hata mimi ameshanikosakosa mara mbili."

"Njoo ndani uone kitu."

"Mama, kazi."

"Njoo kwanza."

Labda ni ile sauti yake, maana hakupiga kelele. Msimamizi akamfuata. Fundi hakulifunua pazia. Alilishika kwa mikono miwili akalivuta, likaja na misumari yake. Mwanga wa barabarani ukaingia chumbani kupitia ukutani, mstari mmoja mrefu, ukalala juu ya miguu ya dada.

Msimamizi akavua kofia. Akaivaa tena haraka, akafungua dirisha, akatoa mkono nje, akafanya ishara ya kukata. Mtambo ukazimika. Vikombe vikanyamaza.

Lakini mngurumo haukuisha. Ule wa pili ulikuwa kule chini, unaendelea na kazi yake.

"Ni nyumba hii tu?" msimamizi akauliza.

Fundi aliwaona wote kichwani: muuza mkaa na wajukuu zake, yule bibi arusi aliyekuja na kipimo kwenye karatasi ya daftari, wote waliomtazama machoni bila kumwambia kitu kwa kuwa walijua amejua. Akisema, kesho mtaa mzima uko kwenye ngazi za ghorofa ya nne, na jina litakalotajwa kila kidaraja ni la kwake.

"Mama, nakuuliza. Ni hii tu?"

"Nimeshona saba," fundi akasema. "Hakuna hata moja lililokuwa na dirisha."

Akamtajia nyumba moja moja. Msimamizi hakungoja ya mwisho. Alikuwa ameshatoka, anateremka mtaa huku anapunga mikono.

Ngazini watu walikuwa wameshasikia, wanashuka na vibunda vyao. Taarifa akaingia chumbani, akauona ule mwanga, akasimama. Akakamata pembe moja ya godoro, fundi pembe nyingine, fundi viatu wa ghorofa ya kati akashika upande wa miguu, wakamtoa dada mpaka ng'ambo ya barabara, mbali na mtaro. Taarifa akamwekea mto vizuri. Kumtazama fundi usoni, hakumtazama hata kidogo.

Kule chini mtambo wa pili ukazimika. Mtaa ukaingia kimya, na katika kimya kile ilisikika, huku na huku, ile sauti ya kutafuna. Haikuwa nyumba moja.

"Tokeni," msimamizi alikuwa anapita mlango kwa mlango. "Acheni vitu, tokeni wenyewe."

Wakaja. Lakini walikuja mpaka milangoni, wakasimama hapo. Mikono kifuani, watoto nyuma ya sketi zao, hawamtazami msimamizi. Walikuwa wanatazama juu ya mtaa, kwa fundi. Muuza mkaa alikuwa ameegemea mwimo wa mlango wake kwa bega, kama anayeuzuia usichukuliwe.

Fundi akainua mkono, akawaita kwa kiganja chote. Hakuna aliyevuka kizingiti.

"Wanangoja nini?" dada akauliza pale chini kwenye godoro.

"Hawangoji kitu. Wananitazama mimi. Wanaona nimewauza."

"Wakiwa wanakutazama wewe hawatoki?"

"Hawatoki."

"Basi waendee. Mimi nimeshatoka."

Fundi akaanza kuteremka. Akapita pembeni mwa mtaro, hatua ya kwanza, ya pili, ya kumi, macho yote ya mtaa yakiwa juu yake, na hakujua atakalowaambia akifika. Nyuma yake ukuta wa nyumba yao ukapasuka, sauti ndefu kama ya kitambaa kizito kinachochanwa kwa mikono, wapangaji wenzake wakapiga yowe.

Hakugeuka, maana muuza mkaa alikuwa bado yuko mlangoni.