Nusu Alama

Sanduku lilifika Jumamosi saa nane mchana, mke wa dereva akiwa bado anafuta vumbi milimani. Milima yenyewe ilikuwa ya karatasi na plasta, imepakwa rangi ya majani, na ilifutwa kwa brashi ya kunyolea ndevu kwa sababu kitambaa kingeng'oa miti. Meza ilijaza ukumbi mzima. Juu yake reli nyembamba ilitoka stesheni, ikapita ghala la saruji, ikateremka mlima, ikafika kwenye kona ya daraja, ikazunguka na kurudi stesheni. Kila kitu kilikuwa kama kilivyo nje, ila kilikuwa kidogo mara themanini na saba. Hata jiwe la kumbukumbu lililosimama mbele ya stesheni ya kweli lilikuwapo pale mezani, limechongwa kwenye kipande cha chaki, na majina kumi na tisa yameandikwa kwa ncha ya sindano.

Abiria waliokufa treni ilipoanguka darajani walikuwa kumi na tisa. Dereva alikuwa wa ishirini, na jina lake halikuwa kwenye jiwe la nje wala kwenye chaki ya ndani. Ripoti ya uchunguzi ilisema: kosa la dereva. Waliochonga jiwe walikuwa wameisoma ripoti. Miaka sita sasa mkewe alikuwa akiomba jina liongezwe. Chini ya jina la kumi na tisa palikuwa na nafasi. Alishaipima kwa kiganja, akaona inatosha. Ofisi ya reli ilimjibu mara moja tu: alete maandishi ya mtu mwenye ujuzi, yanayosema vingine.

Mtu mwenye ujuzi alikuwa Mkaguzi. Ndiye aliyeandika ripoti. Alipostaafu akawa mwenyekiti wa chama cha wapenda treni ndogo, na mke wa dereva akaomba kazi ya usafi palepale ukumbini. Aliamini kwamba mtu ukimpikia chai miaka nenda miaka rudi, iko siku haya zitamshika. Wanachama walimwita Mama Ndoo.

"Jamani, msipumue," alisema Daktari wa Meno, akikata gundi ya sanduku kwa kisu chake cha kazi. Alikuja na vifaa vyake vyote kila Jumamosi: vibanio, vioo vyenye mpini, na lenzi ya kuvaa kichwani.

Ndani ya sponji kililala kichwa cha treni cha dizeli, cha buluu, namba arobaini na saba, pamoja na mabehewa yake mawili. Ndicho kilichoanguka darajani. Kiwanda kiliandika kwenye sanduku kwamba kimekipima kichwa chenyewe, ingawa kichwa chenyewe kiliyeyushwa mwaka uleule wa ajali na sasa kilikuwa masufuria. Hakuna aliyeuliza kimepimwaje. Waliuliza habari ya rangi.

"Buluu hii siyo," alisema mwanachama wa tatu. Huyu waliomjua walimwita Honi, kwa kuwa alijali sauti kuliko vyote, lakini hilo halikumzuia kuwa na neno kwa kila kitu.

"Ndiyo yenyewe. Haijapigwa jua tu."

"Jua gani, Daktari? Wewe ulikiona lini?"

"Nilikipanda siku naenda kuoa."

"Basi rangi ungeionaje, na machozi yote yale?"

Mkaguzi aligonga meza kwa kalamu. Tathmini ilikuwa na sehemu kumi, kila sehemu alama moja, na ingechapishwa katika jarida la wapenda reli, jarida ambalo wakubwa wa ofisi ya reli walilisoma kwa makini kuliko walivyosoma barua za watu. Mke wa dereva alilijua hilo. Nyuma ya Mkaguzi, ukutani, palikuwa na sheria ya chama kwa herufi kubwa: KISICHO KWENYE PICHA HAKIHESABIKI. Sheria hiyo aliitunga Mkaguzi mwenyewe. Kumbukumbu humdanganya mtu, alipenda kusema, lakini picha haina ndugu.

Walianza na taa, wakaja kwenye magurudumu, wakaja kwenye matundu ya kupozea injini, wakayahesabu mara tatu. Yalikuwa mia moja na arobaini na nne, kama kwenye picha. Honi akakumbatiana na Daktari. Kisha Daktari akateremsha lenzi jichoni na kuchungulia dirisha la mbele.

"Kuna dereva humu."

"Wa plastiki?"

"Hapana. Anatoa jasho."

"Siku hizi wanawatengeneza wa kutoa jasho?"

"Huyu anatoa."

Mkaguzi akaandika: *Dereva, anatoa jasho.*

Mke wa dereva alikuwa amesimama nyuma yao na sinia la chai. Alimtambua kwa shingo kabla hajaona uso. Alikuwa na urefu wa ukucha wa kidole gumba, amekaa kama alivyokuwa akikaa nyumbani, bega la kushoto limepanda juu, na kabla ya kushika mtambo alilamba kidole kama anayetaka kufungua ukurasa. Mwanamke akatua sinia juu ya ghala la saruji.

"Huyo ni mume wangu," alisema.

"Inawezekana," alijibu Daktari. "Sogea kidogo, mama, unaniziba mwanga."

Akasogea. Daktari akatazama tena, akanyonya meno.

"Hapa wamechemka. Kifungo cha tatu cha shati ni cha kahawia. Sare yao ilikuwa na vifungo vya buluu tupu."

"Nilikishona mimi," alisema mke wa dereva. "Asubuhi ile cha buluu kilidondoka, na ndani nilikuwa na cha kahawia tu."

Alikumbuka vizuri. Mumewe alikuwa amesimama mlangoni huku yeye akikata uzi kwa meno karibu na kifua chake. Wiki tatu mfululizo alikuwa akiandika kwenye daftari la hitilafu kwamba bomba la breki limepasuka na limefungwa waya, na wiki tatu mfululizo daftari lilirudi na tiki. Alikitazama kifungo kile, akacheka. "Waya hawauoni," alisema, "lakini hiki watakiona."

"Una picha ya hicho kifungo?" aliuliza Mkaguzi.

"Picha ya kifungo?"

"Ya shati, siku ile."

"Sina."

"Basi," alisema Mkaguzi, kwa upole, na kuandika.

Wakakiweka kichwa relini. Moshi ukatoka, unanuka dizeli hasa, na Honi akafumba macho. Treni ikaondoka stesheni, ikapita ghala na sinia la chai, ikaanza kuteremka mlima. Katikati ya mteremko dereva akavuta mtambo wa breki. Akauvuta kwa mikono miwili. Akatia mguu ukutani, akauvuta kwa mwili wote. Treni ikaongeza mwendo, ikaingia kwenye kona, ikang'oka, ikatumbukia mtoni, na mto ulikuwa wa gundi iliyokauka. Kutoka kwenye mabehewa zikasikika sauti kumi na tisa, nyembamba kama za mbu.

Wanachama wakatazamana. Kisha wakapiga makofi.

"Tabaka tatu za sauti!" alisema Honi, akijifuta macho. "Chuma, mbao, watu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kiwanda kimejitahidi."

Wakaiokota treni, wakairudisha stesheni. Ndani abiria waliinuka, wakajikung'uta, wakarudi vitini. Dereva akavaa kofia yake kama anayeanza zamu. Wakaiendesha tena, na tena. Safari ya nne Honi aliuliza kama chai ina tangawizi.

Safari ya tano mke wa dereva aliweka mkono wake darajani. Treni ikaja mbio, ikajigonga kwenye kiganja, ikasimama. Hakuna aliyekufa. Dereva akachungulia dirishani, akakitazama kile kiganja, alama zake za sabuni na kovu la pasi, akavua kofia.

"Mama Ndoo," alisema Mkaguzi, "mkono haumo kwenye picha."

"Kwani nikiuacha kidogo?"

"Tunapima mwendo."

Daktari akamshika kidole kimoja kimoja, kama anayefungua mdomo wa mtoto mkaidi, akauondoa mkono. Pale treni ilipogonga palikuwa na alama ndogo nyekundu. Safari ya sita ikaenda kama zile za kwanza.

Zilipotimia safari kumi na moja, wakakigeuza kichwa na kukilaza chali kwenye sponji ili wakague upande wa chini. Dereva alijishikiza kwenye kiti, miguu juu. Daktari akaingiza kioo chake chenye mpini katikati ya magurudumu.

"Mungu wangu, kazi hii! Bomba la upepo la breki limepasuka, na ufa wenyewe umezungushiwa waya. Waya mwembamba kuliko unywele. Waliuwekaje?"

Mke wa dereva akaiacha ndoo katikati ya ukumbi, akaja.

"Na risasi ya muhuri ipo," Daktari aliendelea. "Ile mkaguzi anayoibana kwenye breki akiipitisha. Namba ya mkaguzi inasomeka kabisa. Mwenyekiti, hii si namba yako?"

Mkaguzi akavaa miwani. Akatazama kwa muda mrefu, kama mtu aliyeonyeshwa picha yake ya utotoni.

"Naam," alisema. "Ni yangu."

"Basi andika," alisema mke wa dereva.

"Niandike nini?"

"Hicho unachokiona. Breki imepasuka, imefungwa waya, ikapigwa muhuri. Mstari mmoja tu, baba. Sikuombi cheo wala nyumba. Nataka jina la mtu likae na majina ya watu aliokufa nao."

Mkaguzi akaigeuza fomu, akamwonyesha mbele na nyuma. Hakuwa amekasirika. Kwa kweli alimhurumia kidogo, kama unavyomhurumia mtu aliyekosa basi.

"Unaona sehemu ya breki hapa?"

"Ongeza."

"Na picha yake iko wapi?"

"Nani apige picha chini ya treni?"

"Ndiyo hivyo," alisema Mkaguzi.

Honi, ambaye hakupenda ugomvi, alikuwa ameinamisha sikio karibu na dirisha la dereva. Akainua kidole.

"Anasema kitu huyu. Anarudia rudia."

"Anasemaje?"

"'Haishiki.' Anasema, 'Haishiki, haishiki.'" Honi akatikisa kichwa kwa masikitiko ya fundi. "Hapo wameharibu. Dereva wa kweli hasikiki ukiwa nje, injini inammeza. Sauti ya mtu imezidi."

Wakajadili. Rangi walimaliza kwa kuipa alama yake, kwa sababu Daktari aligoma kunywa chai hadi ipewe. Waya na muhuri waliisifu wote watatu, lakini kwa kuwa haikuhesabika, haikuongeza wala kupunguza. Kilichobaki kikawa dereva: kifungo si cha sare, anatikisika mno, anaongea. Mkaguzi alitaka akatwe alama nzima. Daktari akaomba nusu, kwa ajili ya lile jasho.

"Tena dawa yake rahisi," alisema Daktari. Akaingiza kibanio dirishani, akamtoa dereva kwa ukosi wa shati, akapaka tone la gundi kitini, akapachika dereva wa plastiki kutoka kwenye mfuko wa vipuri. Wa plastiki hakuwa na macho, lakini vifungo vyake vyote vilikuwa vya buluu. Yule mwingine akamtia katika kikopo anachowapa wagonjwa waondoke na jino lao, akambonyezea mke wa dereva mkononi.

"Chukua, mama. Si ulikuwa unamtaka?"

"Nilitaka na jina lake."

"Haya, kimoja umepata."

Wakaendesha treni mara ya mwisho, dereva wa plastiki akiwa ametulia kitini, mikono magotini. Treni ikapita ghala, ikateremka mlima, ikaongeza mwendo, ikang'oka palepale kwenye kona, ikatumbukia mtoni. Kumi na tisa wakalia.

"Sasa ni safi," alisema Honi. "Hakuna wa kukuvuruga."

Mke wa dereva alimtazama Mkaguzi. Mkaguzi alikuwa amemwona dereva wa plastiki, na mikono yake, na daraja. Alikuwa ameyaona yote, wala hakuwa kipofu hata siku ile nyingine. Akafungua kalamu. Kwa mwandiko mzuri aliosifiwa nao ofisini miaka thelathini akaandika: *Alama tisa na nusu kwa kumi. Chombo bora kuliko vyote tulivyowahi kupokea. Kasoro ya pekee: dereva.* Akapiga mstari, akatia sahihi, akamwomba Mama Ndoo asisahau kufuta mto, una alama za vidole.

Aliufuta. Alifuta na lile jiwe la chaki, kwa uangalifu, nafasi iliyo chini ya jina la kumi na tisa ikang'aa kuliko majina yenyewe. Kisha akavaa viatu, akaenda nyumbani na kikopo mkobani, jua likiwa bado liko juu ya mabati.

Alimweka mezani, kando ya cherehani. Mumewe alitoka kikoponi, akanyoosha mgongo, akazunguka mkasi, akatazama chumba.

"Umehamisha kabati," alisema.

"Miaka sita hii."

"Ahaa." Akakaa juu ya kibonge cha uzi. Mikono yake ilikuwa bado inavuta kitu ambacho hakikuwapo, hakuonekana kujua. "Wale wamemaliza kuandika?"

"Wamemaliza."

"Wamesemaje safari hii?"

"Tisa na nusu."

"Kwa ngapi?"

"Kumi."

"Si haba." Alifikiri kidogo. "Na hiyo nusu?"

Mkewe alikuwa akitunga uzi kwenye sindano. Ulimkatalia mara mbili, mara ya tatu ukapita.

"Dereva," alisema.

Mumewe akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepangiwa zamu aliyokwisha kuifanya. Akainamisha uso, akakigusa kile kifungo cha tatu.

"Nilikwambia," alisema, "hiki watakiona."