Springi za Sentimita Nne

Mume wangu ana wake wawili: mimi na vani. Mimi alinioa kwanza, lakini vani ndiyo anayoiosha kila Ijumaa akiiimbia. Ni nyeupe, ina mlango wa kuburuza ubavuni, na kwa miaka kumi na tisa imebeba viti vyetu vya kukodisha, mia mbili vya plastiki pamoja na vitambaa vyake, kwenye harusi na mikutano ya watu. Yeye dereva, mimi mpangaji. Nikiingia ukumbini naangalia mlango uko wapi na jukwaa liko wapi, nasema safu kumi huku, kumi kule, na hakuna mgeni wangu anayekaa nyuma ya nguzo. Hiyo kazi naijua, na sioni haya kujisifu.

Halafu nikafanyiwa upasuaji wa nyonga. Mtaalamu wa mazoezi, binti mdogo lakini mkali kama pilipili, alichora mstari ukutani kwa rula akaniambia, "Mama, mguu wako usipande juu ya hapa. Sentimita thelathini na tano, mwaka mzima." Mlango wa mbele uko juu zaidi, na sakafu ya vani pale penye mlango wa kuburuza mume wangu aliipima akakuta thelathini na tisa. Nilinyimwa kazi na sentimita nne! Tulijaribu kigoda. Kikateleza, nikakaa chini kwa kishindo, na yule binti alipopata habari alinisema mpaka nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Kigoda kikapigwa marufuku.

Miezi mitatu nikabaki nyumbani. Mume wangu akawa anakwenda peke yake na kurudi na habari za aibu. Harusi moja alipanga safu zote zikatazama mlango wa choo, maharusi wakabaki wanaongea na migongo ya watu. Nilicheka mbele yake, kisha nikaenda chumbani nikalia. Niliitaka kazi yangu. Na niseme tu ukweli, nilimtaka na yeye, tukiwa garini tunabishana njia ipi haina foleni. Nyumbani hatubishani vizuri, kila mmoja ana mahali pa kukimbilia.

Siku moja akaingia sebuleni na utepe wa kupimia shingoni.

"Kama mguu haupandi," akasema, "gari litashuka."

"Litashukaje?"

"Springi. Ziko fupi maalumu. Vijana wanazifunga ili magari yao yatambae barabarani."

"Wewe una miaka sitini na mbili."

"Kwani springi zinauliza umri?"

Duka la spea liko mtaa wa pili. Tulikwenda kwa miguu, mimi na fimbo yangu, yeye akijifanya anatembea polepole kwa kupenda kwake. Muuzaji alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kwenye kamba, mikono ina grisi hadi viwikoni. Alimsikiliza mume wangu akieleza habari za kushusha vani, akamwangalia kuanzia upara hadi kandambili.

"Baba, kwani unakwenda mashindano?"

"Nataka mke wangu apande."

Akanigeukia. Sura yake ikabadilika. Akafuta kiti kwa kitambaa, akanivutia. "Kaa, dada yangu. Haya, tuanze upya."

Akaweka springi tatu juu ya kaunta. Nyekundu ilishusha gari sentimita sita. "Hii achaneni nayo, kila tuta mtalisalimia kwa tumbo la gari." Ya bluu ilishusha nne, nyeusi mbili. Mume wangu akainyakua ya bluu kabla muuzaji hajamaliza kusema.

"Na shokapu?" akauliza muuzaji.

"Zilizopo bado nzima."

"Ni nzima kwa springi ndefu. Ukiweka springi fupi na shokapu ndefu, ile shokapu haina pa kucheza. Kila shimo itagonga mwisho, na nyonga ya mwenzio ndiyo itakayojua. Chukua fupi zake." Akatoa aina mbili. "Hizi za gesi ni ngumu, gari linatulia kwenye kona. Hizi za mafuta ni laini, gari linanesa kidogo."

Macho ya mume wangu yakaenda kwenye za gesi yakabaki huko. Ziling'aa, zina nembo ya umeme ubavuni. Namjua mtu wangu. Tangu ujana wake anapenda gari linalokata kona bila kuyumba. Akaibonyeza moja kwa kiganja, akairudisha.

"Zipi zitamuumiza kidogo?"

"Za mafuta."

"Basi za mafuta."

Hakuziangalia tena zile nyingine. Mimi nikaanza kutafuta leso mkobani. Mtu ananichagulia vyuma, na mimi machozi yananitoka dukani kama bibi harusi!

"Vile vipimo," muuzaji akauliza akifunga mzigo, "gari lilikuwaje ulipopima?"

"Lilikuwa kama linavyokaa siku zote," akajibu mume wangu, na mimi nikaitikia kwa kichwa.

Fundi akaja kufunga pale pale uani. Alinung'unika kuwa gari limejaa viti, mume wangu akamwambia viti vyetu havitoki bila kazi, fundi akapiga jeki akiendelea kunung'unika chini kwa chini. Jioni ile ile tukapima: thelathini na tano kamili. Nikashika nguzo ya mlango, nikainua mguu. Ukapanda. Nikakaa kwenye kiti kilicho nyuma ya dereva, na mume wangu akafunga mlango polepole, akazunguka, akapanda mbele, akawasha. Tukazunguka mtaa mara tatu bila kwenda popote. Vani ilinesa vizuri, na tulibishana njia nzima.

Jumamosi kulikuwa na harusi. Ukumbi ulikuwa na nguzo nne za kijinga katikati. Nikazipangia viti kwa mshazari, kila mtu akaona jukwaa. Vijana wa ukumbini walishusha viti, mume wangu akanifuata kwa nyuma akisema, "Mmeona? Bosi karudi." Viti mia na tisini na nane vikapangwa, viwili vikabaki vya akiba. Kawaida yetu ni kushusha, kuondoka, na kurudi kupakia wageni wakishatawanyika. Hatujawahi kubaki.

"Twende, mama," akasema.

Nikashika nguzo ya mlango, nikainua mguu. Haukufika. Nikadhani nimechoka, nikajaribu tena. Mume wangu akatoa utepe, akapima, akapima tena.

"Ngapi?"

"Arubaini."

Tukatazama ndani ya vani. Ilikuwa tupu. Hatuna stoo, viti vyetu hulala garini, na kwa sisi wawili gari "kama linavyokaa siku zote" ni gari lenye viti mia mbili. Tulipima likiwa limelemewa, tukafunga springi likiwa limelemewa. Mzigo umetoka, nalo limenyanyuka. Nilikuwa naweza kwenda kazini, ila kurudi ndiyo nisahau.

Vijana wangeweza kunibeba, lakini mimi si gunia. Mume wangu akageuka akaanza kuwapima kwa macho wageni walioanza kufika.

"Yule mjomba wa bibi harusi," akanong'ona, "na wale wawili wenye suti za kijivu. Wakikaa nyuma watatu tu—"

"Usithubutu!"

"Dakika moja tu, wakae, wewe upande, washuke."

Nilicheka mpaka nikaegemea vani. Yeye hakucheka. Alikuwa ameshika utepe kwa mikono miwili, mnyonge kabisa. "Nimekosea," akasema. "Na nilipima mara tatu."

Mama wa bwana harusi akatuona tumesimama nje kama walinzi, akatuita kwa mkono. Mume wangu akachukua vile viti viwili vya akiba, akaviweka mwisho wa safu ya nyuma. Tukakaa. Kiti chetu ni kigumu mgongoni, sikuwa najua. Maharusi wakaingia, watu wakasimama, na mimi nikaona ile njia niliyoiacha katikati ikijaa wao wawili, wakipita pale pale nilipotaka wapite.

Mume wangu akajisogeza sikioni kwangu. "Miaka kumi na tisa nakalisha watu," akasema. "Wewe sijakaa nawe hata mara moja."

Nikasogeza kiti changu mpaka kikagusana na chake.

Baadaye, hotuba zikiwa zinaendelea, akaanza tena. "Jumatatu nitarudi kwa yule mama wa spea. Zile nyekundu, pengine, nikiendesha taratibu..."

"Acha hizi hizi."

"Sasa utakuwa unarudije?"

"Kama leo. Tutangoja viti virudi garini."

"Kila harusi?"

"Kila harusi," nikamwambia. "Nyamaza sasa, tusikilize."