Kitufe cha Kuhama

Ghorofa ya chini ilikuwa ofisi, ya juu ilikuwa nyumba, na ngazi ya kuziunganisha ilipita ndani kwa ndani, hata msichana aliyeishi humo aliweza kumaliza wiki nzima bila kukanyaga barabara. Ofisi ilikuwa ya mjomba wake. Nyumba pia ilikuwa ya mjomba wake. Yeye na mama yake walihamia chumba cha nyuma baba yake alipofariki, naye angali mwanafunzi, na tangu hapo mjomba ndiye aliyemsomesha, akamfundisha kazi, akampa meza ya dirishani.

Ofisini walitengeneza mfumo wa kuendeshea tovuti. Mwenye duka la dawa, shule au kwaya alijiunga, akaandika habari zake, akapachika picha, na tovuti ikasimama bila kumwita fundi. Kila toleo jipya lilipotoka, wateja walialikwa ukumbini kuelezwa yaliyoboreshwa na yanayokuja. Wa kueleza alikuwa msichana huyo, ndiyo maana ofisini walimbandika jina la Kipaza.

Swali moja halikukosekana mkutano wowote: mteja akitaka kuhama na maandishi yake yote, afanyeje? Kuhusu boresho hilo Kipaza alijibu kama alivyoagizwa. "Linakuja."

Kumbe lilishafika. Kitufe alikitengeneza mwenyewe. Ukikibonyeza, kurasa zako na picha zako zinafungwa kwenye faili moja, unaondoka nalo. Mjomba alikitazama, akamsifu mbele ya watu, kisha akamwita pembeni.

"Kifiche kwanza."

"Lakini Mjomba, kimekamilika."

"Mama, ukiacha banda wazi usije ukauliza mayai yako wapi." Alimwita mama kila alipotaka jambo lipite bila ubishi.

Kisha hospitali moja ya mji mwingine ikamwita kazini, akaendeshe mifumo yake ya kompyuta. Walimpa hadi Jumatatu kujibu. Alimweleza mjomba akiwa bado amesimama mlangoni, maneno aliyoyapanga yakimtoka ovyo. Mzee hakukasirika. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akasema, "Tutaongea baada ya mkutano." Kipaza akapanda ngazi mwepesi kama unyoya.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa. Alieleza kwamba picha nzito sasa zitajipunguza zenyewe, na kwamba ukiharibu ukurasa leo utaweza kuurudisha ulivyokuwa jana. Mwenye duka la dawa, aliyewahi kufuta bei zake zote kwa bahati mbaya, alipiga makofi mpaka akatazamwa.

Mjomba akainuka. Hakuwa kwenye ratiba. Alichukua kipaza sauti, akamshika mpwa wake bega.

"Ndugu zangu, boresho kubwa bado halijatajwa. Mimi nimechoka. Kuanzia leo huyu ndiye mkuu wa kampuni. Leo, kesho, na miaka yote ijayo mtamkuta hapahapa. Nawaachia damu yangu!"

Watu wakasimama kushangilia. Mama yake, aliyeketi safu ya mbele, alipiga vigelegele huku machozi yakimtoka. Kipaza alitabasamu kwa sababu uso haukujua kufanya jingine. Ule mkono begani haukuwa mzito, lakini alihisi kama unamzamisha sakafuni. Angesema nini? Kwamba hataki? Mbele ya mama yake?

Hapo ndipo mwalimu mmoja mstaafu, mhariri wa jarida la chama chao, aliponyanyua mkono.

"Hongera, mkuu mpya. Sasa na lile letu la kuhama? Kila mwaka linakuja, linakuja. Linatembea kwa magoti?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Kipaza alifungua mdomo kusema neno lile lile, likatoka jingine.

"Lilishafika," alisema. "Muda mrefu. Tulilificha."

Kicheko kikakatika. Akainama kwenye kompyuta, akakiwasha, na kwenye skrini kubwa kitufe kikatokea mahali pake. Mkono ukamtoka begani.

Mjomba alikuwa wa kwanza kucheka. "Mnaona? Siku ya kwanza tu, tayari amewapa zawadi! Na atakayehama, mkuu mwenyewe atamsaidia hatua kwa hatua. Yupo!"

Wakashangilia tena, kwa nguvu kuliko mwanzo. Kipaza aliurusha mshale, mzee akaudaka na kuuvaa kama ua kifuani.

Waliporudi nyumbani mama alimfuata chumbani, bado amevaa nguo za mkutano.

"Umemvua nguo kaka yangu hadharani."

"Mama, nilimwambia nataka kuondoka."

"Najua. Aliniambia." Akaketi kitandani. "Ukienda wewe, mimi nabaki humu kama nani?"

Kipaza aliwazia chumba cha kupanga mji mwingine, mama amekaa peke yake mchana kutwa akisubiri mlango ufunguliwe, na mama mwenyewe akasoma uso wake, akatikisa kichwa: hatoki hapa, kaburi la mumewe liko hapa.

Jumatatu alipiga simu hospitali, akashukuru, akakataa. Aliyepokea alimuuliza mara mbili kama ana hakika.

Wateja waliohama hawakufika kumi. Mwalimu mstaafu alikuwa mmoja wao, na Kipaza alikaa naye asubuhi nzima kwenye simu mpaka picha ya mwisho ilipovuka salama. Wengine walibonyeza, wakaona inawezekana, wakatulia.

Mjomba hakutulia. Siku moja alishuka na kikombe cha chai, akavuta kiti karibu na meza ya dirishani.

"Mama, kile kitufe. Kisogeze chini kidogo, ndani ya mipangilio. Sisemi ukifute."

"Hapana, Mjomba."

"Mimi ndiye ninayekuomba."

"Ulisema mimi ndiye mkuu. Basi kitakaa pale pale kilipo."

Mzee alimtazama kwa muda, kama mtu anayejaribu kukumbuka mgeni aliyewahi kuonana naye mahali. Kisha akachukua kikombe chake akapanda ngazi taratibu, akijishikilia ukutani. Kipaza alisikia kiti kikivutwa juu ya kichwa chake, na sauti ya mama ikimuuliza kaka yake atakula saa ngapi. Akavuta kompyuta karibu, akaanza kuandika yatakayokuja katika toleo lijalo.