Makombe ya Kuku wa Silvanus

Silvanus Hhando wa Rhotia alikuwa anachanganya chakula cha kuku kwa koleo, pumba, mashudu, dagaa na makombe ya baharini yaliyopondwa, konokono alipopiga hodi. Alikuwa konokono wa baharini, ukubwa wa kiganja, na nyuma yake walifuatana watoto saba. Walikuwa wameshuka kwenye basi la Tanga. Silvanus akawakaribisha huku ameelekeza macho pembeni kwa heshima, kwa sababu mama huyo hakuwa na kombe wala kitu kingine mwilini.

Nje pikapu ilikuwa inanguruma. Starta yake ilikufa mwaka juzi, kwa hiyo majirani huisukuma alfajiri ikawaka, na Silvanus haizimi mpaka jioni, hata Jumapili ibada nzima. Fundi alishasema ni kazi ya nusu saa. Silvanus alishasema atakwenda.

Konokono akaeleza shida yake. Watoto wanajenga makombe kutwa, na maji yanayala. Alikuwa amesikia kwamba Rhotia kuna gunia zima la makombe, akaomba wapewe hata yaliyovunjika.

Silvanus aliwahi kuhudhuria semina ya siku moja ya mabadiliko ya tabianchi mjini Karatu, na cheti kiko ukutani juu ya viota. Basi akamweleza konokono habari za bahari. Moshi wa magari na viwanda, akasema, una hewa ya ukaa. Bahari inaimeza, maji yanazidi kuwa na tindikali, na viumbe wanakosa chokaa ya kujengea makombe. Alifundisha kwa robo tatu ya saa, akipaza sauti kwa sababu ya injini. Konokono alisikiliza kwa adabu. Silvanus akajiona msomi, jambo ambalo humtokea mara chache na halijawahi kumletea heri.

Kisha akawapa kopo moja. Akizidisha hapo kuku watataga mayai ya ganda laini, na hoteli hazipokei mayai laini. Watoto wakajibanza chini ya vipande, nusu mwili nje.

"Baba," konokono akasema, "na lile gari, huwezi kulizima?"

"Nikilizima, mama, nani atanisukuma saa hizi? Watu wako shambani."

Konokono akawatazama watoto wake, ambao hawana mikono, akasema ameelewa.

Wakawa wanakuja kila mwezi. Angelina, mke wa Silvanus, aliwawekea beseni la maji ya chumvi mlangoni. Mwezi wa pili watoto walikuwa watano, wa tatu wawili. Angelina akamuuliza mumewe lini atakwenda kwa fundi, akajibiwa baada ya kuvuna maharage. Silvanus aliona aibu, aibu ya kweli, hata ugali ukamshinda. Jioni akaumalizia.

Juzi konokono alikuja peke yake. Silvanus akanyanyua gunia zima, akalitua mbele yake.

"Asante, baba," akasema. "Mimi nilikuwa nawaombea watoto."

Basi la kurudi lilikuwa linakaribia kuondoka. Silvanus, yeye mwenye cheti, akambeba mama kwa mikono miwili, akamweka kiti cha mbele, akampeleka stendi kwa pikapu, kwa kuwa ilikuwa tayari inanguruma.